Hoja ya Kisu, Isevya

Nyuma ya duka la spea la Nassoro,
juu ya kreti mbili na mlango uliong'oka,
Mlewa ametandaza ramani
aliyoichora mgongoni mwa ratiba ya treni ya mwaka juzi.
Ukiinua karatasi kwenye taa unasoma Urambo, Kaliua,
na saa za kufika ambazo hakuna treni iliyozitii.

Humo handakini amelala Mla-Reli.
Ngozi yake kutu. Chuma cha kawaida kikimgusa
kinakuwa unga mwekundu kabla hakijakata.
Mkuki wa Lugusha ulikwenda hivyo wiki jana
na Lugusha hajamsamehe mtu.

Kimebaki kisu cha Kashindye.
Kina zindiko la moto. Tulikinunua kwa fundi wa kufikirika
kwa dhahabu ya kufikirika;
ugomvi wa bei tu ndio ulikuwa wa kweli.
Kashindye anacheza mwizi.
Mchana anapanga madaraja ya tumbaku ghalani,
jani la juu, la kati, la chini lenye mchanga,
na harufu hiyo haimtoki vidoleni hata akishika dadu.

"Nampitia nyuma," anasema. "Namvizia."

Hoja ikaanza.

Lugusha, muuza dawa, huongea kama anasoma maandishi ya chupa:
kuvizia kunazidisha jeraha,
moto ni sehemu ya jeraha,
kwa hiyo moto nao uzidishwe mara mbili.
Nassoro akasema ng'o.
Kuvizia ni elimu ya mkono,
kujua figo liko wapi, mbavu zinaachana wapi.
Moto haujui figo. Moto ni kama pilipili,
unawasha popote ulipopakwa.
Mkono una dadu zake tatu, moto una yake moja:
jumlisha, usizidishe,
mimi nauza minyororo ya baiskeli, usinifundishe hesabu.

Mlewa alimaliza kutafuna tobolwa lake.
Kazini yeye ndiye mshika bendera, amezoea kusimamisha vitu vikubwa.
"Hicho kisu kinawaka, sivyo?
Sasa mtu anamviziaje mnyama gizani
na taa mkononi?"

Hilo hatukuwa tumelifikiria.
Lugusha akasema ala. Ala ya ngozi itaungua.
Nassoro akasema basi akichomoe dakika ya mwisho.
Mwanga, Mlewa akajibu, hufika kabla ya mkono.
Mimi, tabibu wa kundi, niliyebakiwa na bandeji moja,
nikapendekeza turudi nyumbani.

"Jani la chini," akasema Kashindye.
"Bichi, lile la mchanga. Haliwaki upesi.
Nimekifunga tangu tuko mlangoni."

Tukatazama ramani.
Kisoda chake kilikuwa nyuma ya mkia wa Mla-Reli
na hakuna, hata mmoja wetu,
aliyekiona kikisogea.

Mlewa akacheka peke yake, kisha akahukumu:
jani limekubaliwa. Kuvizia kumekubaliwa.
Moto unajumlishwa, hauzidishwi.
Lugusha akakunja mikono.

Dadu ya kisu: tatu.
Dadu za mkono: tano, mbili, sita,
Nassoro akapiga kofi la ubao, karanga zikaruka.
Dadu ya moto, tulioupigania saa nzima,
ikazunguka, ikagonga mguu wa chupa, ikasimama.
Moja.

Kumi na saba.
Mlewa akafunua kikaratasi chake taratibu.
Mla-Reli alikuwa na uhai kumi na nane.

Lugusha hakusema neno.
Aliinua vidole viwili tu, akatuonyesha
mmoja baada ya mwingine, polepole,
kama daktari anayepima macho.

Stesheni ikapiga honi. Mlewa akavaa koti la zamu,
akakunja Urambo na Kaliua pamoja na mnyama ndani yake.
"Anageuka," akatuambia kutoka mlangoni.
"Na sasa anaona mwanga."
Alhamisi.
Kashindye alikuwa ananusa vidole vyake.