Kanuni ya Saba

Ada ilipwe kabla ya theluji ya kwanza.
Selo ni ya kuazima; irudi Juni na nyuzi zake nne.
Mzazi angoje koridoni, asichungulie.

Ragnhild alitia saini bila kusoma,
glavu mdomoni, wino umegoma kwa baridi.

Januari tufani ikafunga daraja la Kvaløya.
Akapiga simu: leo hatufiki, mtatufidia lini?
"Kanuni ya saba," karani akajibu, kwa upole tu,
"kipindi kilichopotea hakirudi."

Akakata. Jikoni Sindre
alikuwa ameshakaza upinde,
anamkwaruzia paka na birika
kile kipande kimoja anachokijua,
akikosea palepale, akirudia,

na mama yake, tangu Agosti,
ndiyo kwanza hayupo koridoni.