Kazin

Kais alirudi na kazi ya shule:
karatasi ngumu, mti umekwishachorwa,
visanduku kumi na viwili vinaning'inia kama mabalungi,
na chini yake maneno ya Kiingereza ya kuchagua.
Mwalimu aliitaka Jumapili.

Tulikuwa Al Khuwair, ghorofa ya tatu, kiyoyozi kikikohoa.
Bibi Zeyana akichambua mchele,
ingawa mchele wa siku hizi hauna hata punje ya jiwe.
Mkono umezoea.

"Huyu?" Kidole cha Kais juu ya picha ya Hamdun.
Ami yako, nikasema. Andika anko.
"Na Sefu?"
Mjomba. Andika anko.
Na mume wa shangazi Rayya, anayekununulia viatu?
Anko.
Na Mbalushi wa ghorofa ya chini, mwenye kasuku?
Huyo alimwandika mwenyewe, bila kuniuliza.

Bibi akaweka ungo chini.
"Ami na mjomba sanduku moja?
Ami ndiye wa kukutia adabu.
Mjomba ndiye wa kukuficha.
Ukiwachanganya, siku ya kukimbia utabisha mlango gani?"

Halafu likaja lile jengine.
"Shinuna ni kazin wangu," Kais akasema,
kwa raha ya kulitamka.
"Kazini?" Bibi akatoa macho. "Kazini wapi?
Mtoto wa miaka sita, nani kamuajiri?"

Tulicheka hata mchele ukamwagika.
Nikamfafanulia: mtoto wa ami, wa shangazi,
wa mjomba, wa mama mkubwa,
wa kike, wa kiume,
hata yule uliyenyonya naye ziwa moja, haramu kumuoa,
wote hao, Bibi, kazin.
"Wana haraka watu hao," akasema. "Wanakwenda wapi?"

Sikumjibu. Nilikumbuka Ramadhani iliyopita, hospitali,
Bi Bashura kalazwa, na nesi na kalamu yake:
huyu mama ni nani wa mgonjwa?
Si dada. Si mama. Si wifi.
Ni somo yake, nikasema,
aliyemfunda chumbani Vikokotoni, akamvisha kanga ya kwanza,
aliyempa jina mtoto wake wa mwanzo, ambaye ndiye mama yangu.
Nafasi kwenye fomu ilikuwa upana wa kidole.
Nesi, mtu mwema, akaandika neno lao la rafiki,
na rafiki huingia saa kumi, hutoka saa kumi na moja.
Bibi alikaa kwenye kiti cha plastiki tangu alfajiri,
sahani ya uji mapajani, imefunikwa kwa kitambaa,
uji unaganda.

Ijumaa ile, mti haujajaa hata nusu, simu ikalia.
Bi Bashura.

Seeb, nyumba ya matanga.
Muadhi alikuwa ameshatoka manispaa na karatasi ya kaburi.
Ghasani kavuka mpaka wa Hatta usiku, mtandio wa mkewe bado kiti cha nyuma.
Azza na Nasra, waliokuwa hawasemezani tangu harusi ya Sohar,
wameinamia sinia moja, wanasugua.
Wawili wamebeba sufuria la wali kama jeneza jengine.
Kais anapitisha tende, anahesabu watu, anakosea, anaanza upya.

Bibi mkekani, macho mekundu, akanivuta mkono.
"Hawa wote, kwa lile neno lenu, ni nani?"
Kazin, Bibi.
Akawatazama mmoja mmoja, muda mrefu.
"Basi sawa," akasema. "Wako kazini."

Karatasi ilipelekwa Jumatatu, imechelewa.
Kais alikuwa ameongeza sanduku moja kwa kalamu ya wino,
nje ya mti, halina tawi,
ndani yake: *somo*.
Limerudi na alama ya kuuliza, nyekundu.
Lipo mlangoni mwa friji.
Kila nikifungua kuchukua maji, linaniuliza.