Swali la Tisa

Chumba namba mia mbili na kumi na nne, chuoni Irbid.
Januari. Jiko la gesi linakoroma pembeni
na watu wanne wanagombania neno moja.

Swali la tisa: *Natambua mapema ninapokuwa zaalan.*
Moja, sikubali kabisa. Tano, nakubali kabisa.
Jepesi kama kuhesabu mayai.
Lakini Shahenda wa Tanta anasema: zaalan kwetu ni huzuni,
ni mtu kukaa dirishani mpaka chai ikaota utando.
Hanin wa Mosul anatikisa kichwa:
kwetu huyo ana moto kifuani, mpishe njia.
Lamjed wa Sfax anacheka,
neno lenyewe yeye alilisikia kwenye tamthilia za televisheni,
watu wake wakichemka wana neno lao.
Rudayna, mwenye mradi na mwenye funguo za chumba,
anamenya chungwa, hasemi.
Kwao zaalan ni kununa:
ni ndugu yako kupita mlangoni asibishe hodi.

Nami ninayesimulia haya kwa Kiswahili nina deni langu.
*Hasira* tuliichukua kwao.
Kwao ilikuwa majuto, kujiuma kidole kwa kilichopotea;
ilipofika kwetu ikakunja ngumi.
*Hamu* nayo: kwao dhiki inayokesha na mtu,
kwetu kiu ya kumwona umpendaye.
Nani alikosea vipimo?
Au moyo ulihama usiku,
ukaliacha jina limeanikwa kambani kama shati?

Wakapiga kura. Zaalan likabaki, watatu kwa mmoja,
maana kengele ya chakula ilikuwa imelia.

Machi zikarudi karatasi mia sita na kumi na mbili.
Mashine ikazimeza, ikatema namba:
huyu ana akili ya hisia, yule anayo nusu,
mji huu umeupita ule kwa nukta nne.
Karatasi moja ikagoma.

Qusay, miaka ishirini na sita, Ramtha.
Kazi: tanuri la mikate.
Visanduku thelathini na tatu, hakutia alama hata kimoja;
ubavuni mwa kila swali ameandika
*alhamdulillah.*

Haisomeki, ikasema mashine.

Rudayna akaipeleka karatasi nyumbani ndani ya gazeti.
Akaigeuza, akapitisha kidole mgongoni mwake
kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto.
Swali la nne, *nafurahia kazi yangu*: mwandiko mwepesi,
wino umeteleza, pengine mkate ulikuwa umeumuka vizuri.
La kumi na mbili, herufi zimebanana, fupi, za mwenye haraka
au za mwenye kuulizwa lisilomhusu mwulizaji.
La ishirini na moja, *ninapoumia humweleza mtu wa karibu*:
hapo kalamu imetoboa.
Tundu dogo. Taa ya mezani ikapita upande wa pili.

Alhamdulillah.
Hiyo ni moja, au ni tano?

Saa nne usiku akapiga simu Zarqa.
Miezi mitatu hawajasemeshana, yeye na kaka yake Mutasim,
tangu cherehani ya marehemu mama iuzwe bila shauri
kwa fundi asiyejua hata kuifuta vumbi.
Simu ikalia sana. Ikapokewa.
Kikohozi. Mlio wa kijiko kwenye kikombe.

"U hali gani?" akauliza,
yeye mwenye shahada mbili za jambo hili.

"Alhamdulillah," akasema Mutasim,
na baada ya neno hilo hakukata simu,
wala hakuongeza kitu.

Rudayna akashika penseli.
Akasikiliza kijiko kikizunguka,
kikizunguka,
sukari ikiwa imekwisha kuyeyuka zamani.