Nafasi

Kila Alhamisi saa sita usiku nyumba huwekwa kwenye mtambo.
Juma hili sita, juma lililopita tatu,
na waombaji elfu mbili na ushei hutuma zabuni
kwa kidole kimoja, gizani, chini ya blanketi,
wasije wakawaamsha watoto.

Asubuhi, mimi ndiye nisomaye orodha.
Ghorofa ya nne, Halmashauri ya Brackenshaw, kaskazini mwa Uingereza.
Dirisha langu latazamana na bomba la kiwanda cha pamba
kilichoacha kufuka moshi kabla sijazaliwa.
Watu hudhani tunachagua.
Hudhani nina mpwa, nina bahasha, nina kitu chini ya meza.
Chini ya meza nina hita ndogo na viatu vya mvua.
Zinazochagua ni kanuni, kurasa themanini na nne,
walizozipitisha madiwani Jumanne moja usiku
huku wakichungulia matokeo ya mpira.

Tunawapanga kwa madaraja.
Sijaona aliyevuka kitu juu yake.

Lorna Bickerstaff yumo daraja la pili.
Vyumba viwili juu ya duka la chipsi,
nguo za shule zanuka siki,
ukungu umepanda ukutani hadi kwenye picha ya marehemu mamake.
Alibandua kipande cha plasta, akakitia kwenye mfuko wa mkate,
akakiweka mezani pangu.
"Nusa."
Nikanusa.
Fomu haina pua. Ina visanduku vitatu:
unyevu mdogo, wa wastani, mkubwa.
Nikatia alama kwenye mkubwa.
Mkaguzi akaenda Juni, jua likiwaka, madirisha wazi,
akaandika: wastani.

Ana watoto wawili, Declan na Hattie, chumba kimoja.
Ibara ya kumi na tisa yasema kaka na dada
waweza kulala pamoja hadi mmoja wao atimize miaka kumi.
Usiku wa mwisho wa tisa, ni ndugu.
Asubuhi yake, ni msongamano.
Na msongamano una alama.

Alipiga simu tarehe tatu Machi, saa tatu kamili, laini zilipofunguliwa.
"Declan ametimiza kumi!"
kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani,
na nyuma yake nikamsikia mtoto akiuliza keki iko wapi.

Nikaingiza. Mtambo ukafikiri kidogo.
Kutoka nafasi ya arobaini na moja
hadi ya pili.

Nyumba yenyewe: Mtaa wa Clough, vyumba vitatu,
kibustani nyuma, boila mpya.
Wa kwanza ni Idris Pemberton, fundi bomba mstaafu,
analea wajukuu watatu tangu binti yake azikwe.
Alama zake na za Lorna, sawasawa.
Zikilingana, yatazamwa tarehe ya kujiandikisha.
Pemberton alimtangulia kwa siku kumi na moja.

Nikafungua faili. Sikulazimika.
Fomu ya Lorna ilifika mapema kuliko ya Pemberton,
ila ukurasa wa saba haukuwa na sahihi,
ikarudishwa.
Herufi za aliyeirudisha ni zangu.
Niliituma kwa stempu ya daraja la pili,
kubana matumizi, kama tulivyoagizwa.

Pemberton alinyamaza kwenye simu muda mrefu.
Kisha: "Na huyo aliyenifuata, ana watoto?"
Nikamwambia haturuhusiwi kusema.
"Basi anao," akasema.

Barua ya Lorna iliandikwa na mtambo:
*Asante kwa zabuni yako. Umeshika nafasi ya pili.*
Nafasi. Neno lile lile
kwa chumba, kwa bahati,
na kwa namba ya mtu kwenye foleni.

Alhamisi ijayo zipo nyumba nne, moja haina bafu.

Kipande cha plasta bado kimo kwenye droo yangu,
ndani ya mfuko wake wa mkate.
Hakuna faili la kukiweka.
Leo nimekitazama.
Kimeanza kuota.