Mgeni wa Giga Mbili

Programu ya darizi ya ami Shee
ilizoea kompyuta ile ya tumbo nene
iliyokufa Jumanne kwa harufu ya mpira ulioungua,
hapa Guraya, kanzu kumi na moja zikingoja nakshi
kwa harusi ya Jumapili.

Hii yangu ya chuo imeikataa.
Imeikataa kwa adabu, kama karani wa kaunta:
haiendani na mfumo wako.

Nikamwambia ami, tutaweka mashine pepe.
"Pepe?" akasema, uzi mdomoni.
"Pepe ni mpunga usio kiini.
Wataka kunishonea harusi kwa makapi?"

Nikamweleza: ni kompyuta ndani ya kompyuta.
Hii yangu ndiyo mwenyeji, ile ya zamani mgeni.
Mwenyeji humkatia mgeni chumba,
diski giga ishirini, kumbukumbu giga mbili,
naye mgeni hulala akidhani nyumba nzima ni yake.
Ami akatazama sebule: cherehani, marobota,
wana wa Saumu wamelala vichwa huku, miguu kule.
"Mgeni huyo," akasema, "ana bahati kutushinda."

Saa nne nikapakua kwa bando la usiku.
Kwenye asilimia sabini stima ikaisha,
na betri yangu huishi dakika sita.
Nikasoma tokeni kwa mwanga wa simu, ami akibonyeza
tarakimu ishirini, akakosea ya kumi na saba.
Tukaanza upya. Yote.

Kisha mashine ikagoma:
uwezo wa kubeba mgeni umezimwa humu ndani.
Umezimwa na nani? Sikuambiwa.
Nikaizima, nikaiwasha, nikiigonga F2
kama abishaye hodi kwa jirani asiyeitika,
hata ukafunguka ukurasa wa buluu usioijua panya.
Nikashuka kwa vishale, mstari kwa mstari,
nikakuta neno moja, nikaligeuza.
Usiku mzima ulikuwa neno moja.

Diski ya marehemu nilikwisha kuichomoa mchana
kwa bisibisi ya cherehani,
nikainakili nzima, na takataka zake.

Alfajiri, kwenye kijidirisha kama bahasha,
kikatokea kile kilima cha kijani na mawingu yake.
Ami akavua miwani, akaivaa tena.
"Ndiyo hii. Na faili la madeni?"
Lipo. Na Hamadi wa Kibokoni yumo,
hajalipa tangu sijaota meno ya utu uzima.

Chini kabisa, faili lenye jina langu: Mwanatumu.
Nikalifungua. Maua manane,
la tisa limeishia katikati.
"La gauni lako la Idi," akasema. "Jani la kushoto lilinishinda."
Mbona hukulimaliza?
"Ulikua."

Akanipa flashi. Mgeni haioni flashi
mpaka mwenyeji aiachilie kwa kusudi,
aseme: chukua, hii si yangu tena.
Nikaiachilia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Jumamosi, saa kumi na mbili kasorobo,
sindano ikashuka kwenye kanzu ya kwanza,
ami akiinyoosha kwa viganja viwili,
feni ya laptopu ikihema kwa niaba ya wawili,
na mimi sijui kama nilale
au nilimalize lile jani.