Vidato Tisini na Viwili

Jengo la fizikia hapa Wrocław lilichorwa
na watu waliohesabu kila kitu:
uzito wa theluji juu ya paa,
mtetemo wa tramu,
nguzo ngapi zibebe mitambo.
Wanawake hawakuwamo hesabuni.
Choo chetu kiko chini kabisa, kando ya stoo ya mifagio.
Ofisi yangu iko ghorofa ya nne.

Miaka kumi na tisa nashuka, napanda,
na kila Oktoba nafundisha wa mwaka wa kwanza:
kazi ni kani mara umbali.
Aliyeshuka, akapanda hadi alipoanzia,
kazi ya mvutano wa dunia juu yake
ni sifuri.
Naichora ubaoni, duara safi.
Magoti yangu hayajawahi kufaulu somo hilo.

Oktoba wasichana huwa ishirini na watatu.
Shahada ya pili, saba.
Uzamivu, Dobrawa peke yake,
na sweta lake la kijani, kalamu kaichomeka nyweleni.
Tunasema "wanapungua," kana kwamba ni mvuke,
kana kwamba hakuna aliyeacha dirisha wazi.

Barazani walimu tuko thelathini na mmoja.
Mimi ndiye huyo "na mmoja."
Kila kamati yataka mwanamke, basi yaniita mimi:
ya ajira, ya nidhamu,
hata ya kuchagua mapazia,
na makala yangu ya fuwele yamelala drooni tangu Pasaka ya mwaka juzi.
"Haba na haba," aliniambia mkuu wa kitivo.
Nikamuuliza kibaba chenyewe kina ukubwa gani,
na ni nani aliyekitoboa.

Jumanne Dobrawa alishuka nami.
Kidato cha arobaini akasimama.
"Daktari Halszka, choo cha juu kina milango mingapi?"
"Minne."
"Na wanaume wa ghorofa ile?"
"Tisa."
Hakusema tena. Aliitoa kalamu nyweleni.

Kesho yake, karatasi mlangoni, gundi mbichi:
WANAWAKE.

Nilikaa ofisini, mlango nimeurudisha nusu.
Profesa Zenon alikuja, akasoma,
akavua miwani, akaifuta kwa tai,
akasoma tena.
Kisha nikasikia viatu vyake ngazini
vikishuka
polepole,
na sauti yake, chinichini,
ikihesabu.