Swali la Nne

Kutoa ni moyo, si utajiri. Sawa.
Lakini huku kwetu moyo una fomu,
kurasa sita, nakala tatu,
mwisho saa kumi jioni, Ijumaa,
na mimi ndiye ninayeipokea dirishani.

Wakfu wa Wilaya Tatu:
chumba kimoja juu ya duka la miwani, mjini Saarila,
Minnesota ya kaskazini, ambako mgodi ulifungwa
na shimo lake likajaa maji ya kijani,
mazuri kuyatazama, mabaya kuyataja.
Kampuni ilipoondoka iliacha fedha kidogo,
kama mgeni anayesahau kofia makusudi
ili asemwe vizuri.
Fedha zile tulizifungia.
Tunakunywa maziwa tu, ng'ombe hatumgusi.

Mwaka ule yalikuja maombi arobaini na moja.
Maziwa yalitosha tisa.

La thelathini na nne liliandikwa kwa penseli.
Jina: Impi Haataja. Umri: "Wa kutosha."
Kazi: alikuwa mpishi wa shule, amestaafu.
Anaomba dola mia mbili na kumi na mbili,
mabeleshi manne na taa za kichwani,
kufukua mabomba ya zimamoto ya Mtaa wa Tatu
kila theluji inapoyafukia.
Swali la nne: Matokeo yatapimwa vipi?
Akajibu: "Bomba litaonekana."

Kamati iliketi Alhamisi.
Ludvik Prosen, mwenyekiti, mchimba chuma wa zamani,
alicheka hadi akavua miwani.
Corliss Engdahl wa benki hakucheka.
"Hana usajili. Hana katiba. Hana mweka hazina.
Tukimpa huyu, kesho tutamnyima nani?"
Lilikuwa swali zuri. Hakuna aliyelijibu.
Tukapitisha paa la makumbusho.
Tukapitisha semina ya uongozi, watu kumi na wawili,
hoteli ya ziwani, chakula cha mchana kimo.

Barua ya kukataa naiandika mimi.
Aya ya kwanza inashukuru,
ya pili inasikitika,
ya tatu inamtakia mtu kila la heri.
Nimeiandika mara nyingi hata mkono
unasikitika wenyewe, mimi nikinywa kahawa.

Februari. Nyuzi thelathini chini ya sifuri,
pua inaganda kwa ndani.
Theluji ya siku mbili imemeza magari,
imeacha antena.
Napita Mtaa wa Tatu kabla ya jua
nakuta duara limechongwa safi kama kisima
na katikati yake bomba, jekundu,
limesimama kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.
Hatua mia mbele, lingine.
Na lingine.

Kwenye la tano nikawakuta:
Impi, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi,
wavulana wawili wa ukoo wa Moua
wakigombea beleshi moja lenye mpini mzima,
na Corliss Engdahl wa benki,
magoti ndani ya theluji, akihema mvuke.
Hakunitazama.
"Naishi mtaa huu," alisema.

Septemba kiti kikabaki wazi kamatini.
Corliss ndiye aliyelitaja jina, haraka,
kama mtu anayelipa deni mlangoni asikaribishwe ndani.

Mimi nilipendekeza swali la nne lifutwe.
Impi akanikatalia, bila aya tatu:
"Liache. Ndilo pekee nililojibu kwa raha."
Kisha akafungua pakiti ya biskuti aliyokuja nayo,
akaisukuma katikati ya meza,
akauliza kama anayeuliza chumvi iko wapi:
"Mwaka jana tulimnyima nani
na kazi akaifanya vilevile?
Tuanzie kwa hao."

Ludvik akanitazama mimi. Wote wakanitazama mimi.
Faili la waliokataliwa lilikuwa kabati la chini kabisa,
nyuma ya bendera na kamba za Krismasi.
Sikujua kama ni zito vile.
Nililitoa kwa mikono miwili.